Nukta Iliyotulia

Kazi yangu ni kutazama ng'ombe ambao wameshatazamwa. Setilaiti inawaona kutoka huko juu, mkanda wa shingoni unasema wako wapi, kioo cha ofisini kinaweka nukta, kisha mimi Zakaria Tweve, mwenye magoti mabovu na macho ambayo bado ni mazima, natembea hadi malishoni kuthibitisha kwamba ile nukta ni ng'ombe kweli. Ndivyo sheria inavyotaka tangu mwaka ule mashine zilipohesabu ng'ombe elfu tatu kwenye uwanda uliokuwa umejaa mizoga. Mikanda ilikuwa bado inafanya kazi. Wenye shingo walikuwa wameshakufa kwa kiu. Kuanzia hapo taarifa ya mashine haipokelewi serikalini mpaka binadamu aandike chini yake: Nimeona kwa macho yangu. Basi naandika. Huu ni mwaka wa kumi na moja, na kwa muda wote huo nimeandika uongo mara moja tu.

Uongo wenyewe ulianza kwa huruma, kama unataka kujua, na ndiyo maana ulinichukua muda mrefu kuutambua.

Kituo Namba Nne kiko juu kabisa uwandani, Makete, mahali ambapo mwezi wa sita nyasi huamka nyeupe kwa barafu na ukungu huingia ndani bila hodi. Zamani tulikuwa wachungaji tisa. Tulikuwa na jiko moja, sufuria moja kubwa ya viazi, na ugomvi wa kila siku kuhusu nani amemaliza chumvi. Mikanda ilipokuja tukabaki wanne, kisha wawili, kisha nikabaki mimi na mke wangu. Mke wangu akafariki, nikabaki mimi. Siku hizi napika viazi vitatu, na chumvi haiishi.

Mwezi wa tatu mwaka huu kampuni iitwayo Utulivu Mpya ilileta mikanda ya aina nyingine. Aliyekuja nayo ni Dakta Sekela Mwambene, mtafiti wa mifugo, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi ambaye huongea haraka na kusahau kunywa chai mpaka inapoa. Tulisimama kwenye kibanio cha kuzuia mifugo, yeye akifunga mikanda, mimi nikishika vichwa vya ndama.

"Mzee Tweve, wewe umeachisha ndama wangapi maishani mwako?"

"Sijawahi kuhesabu. Wengi."

"Na huwa wanafanyaje?"

"Wanalia. Siku tatu, nne, wengine tano. Wanatembea kando ya uzio huku na huko mpaka wanaukata udongo. Hawali. Wanakonda."

"Safi!" Alisema hivyo kama mtu aliyepewa zawadi. "GPS ya kawaida inatuonyesha hayo yote. Tunaona ndama anavyotembea usiku na mchana akimtafuta mama yake, na tunaona siku anayokata tamaa. Sasa sisi tumejiuliza, itakuwaje asipokata tamaa? Itakuwaje mama asipoondoka kabisa?"

Akanionyesha kijisanduku kilichokuwa chini ya mkanda, ukubwa wa kiberiti. Kwa wiki mbili kabla ya kuachishwa, kijisanduku kile kilikuwa kimesikiliza koo la mama: anavyomwita mwanawe alfajiri, anavyomkemea, ile sauti ya chini ya puani anapomlamba. Kilikuwa kimejifunza yote. Siku ya kwanza ndama akitengwa, kingekaa kimya na kumsikiliza. Kuanzia alfajiri ya siku ya pili kingeanza kumwita, kwa sauti ya mama yake, kila anapohangaika.

"Na betri?" nikauliza, maana betri ndiyo ugonjwa wa kila kitu kinacholetwa huku.

"Sauti inakula chaji sana, ni kweli. Tumeondoa kipimo cha mtikisiko wa shingo. Mahali alipo tutapata kila baada ya dakika kumi, na tofauti ya hatua nne hivi. Inatosha. Anayehangaika anatembea, anayetulia hatembei."

Nikaona ina akili.

Siku ya pili ukungu ulishuka mzito kiasi kwamba nilipofika kwenye uzio sikuona hata mkono wangu mwenyewe ulioshika waya. Nilisikia tu. Nilisikia majike kumi na tisa wakiita mle ndani, na nilijua hakuna jike hata mmoja, maana nilikuwa nimewapeleka mimi mwenyewe bonde la pili. Kati ya sauti zile nikasikia ndama wakiitikia. Hawakuwa wanalia kama ndama wa kuachishwa. Walikuwa wanauliza, wanajibiwa, wanauliza tena, na majibu hayakuwafikisha popote. Nilisimama pale hadi saa nane mchana. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini siku ile nililia, na sioni haya kusema.

Kwetu mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi. Mama haendi. Bibi anambeba mgongoni, anamsemesha, anamlisha uji, usiku mtoto anapapasa kifua kikavu na hakuna kitu humo, lakini kuna mtu. Baada ya wiki mbili anarudi nyumbani akiwa mtoto mwingine. Mimi nilipelekwa. Watoto wangu walipelekwa. Sijamsikia Mkinga mwenzangu anayejiuliza kwa nini.

Kituoni palikuwa na jike mzee aliyeitwa Sitaki, jina alilolipata kwa mateke yake wakati wa kukamuliwa. Alikuwa ameshakauka maziwa miaka miwili, hana mkanda, hayumo kwenye orodha yoyote. Kwa masharti ya kampuni mnyama asiye na mkanda alitakiwa kwenda machinjioni, nami nilikuwa nimejisahaulisha. Mchana ule nikafungua lango, nikampitisha. Akaingia kwenye ukungu polepole na kiuno chake kibovu. Baada ya muda ndama mmoja akanyamaza. Kisha wawili. Ilipofika jioni nilisikia kitu kimoja tu mle ndani, meno yakikata nyasi.

Siku ya tano ukungu ulipofunuka, niliwakuta ndama wote kumi na tisa wamelala wakimzunguka bibi yao. Kwenye kioo nukta kumi na tisa zilikuwa zimetulia tangu siku ya pili. Uzito wao baada ya wiki tatu ulikuwa umepanda. Dakta Sekela alinipigia simu akicheka na kulia kwa pamoja.

"Hakuna aliyewahi kupata hili, Mzee Tweve! Hakuna duniani! Hebu niambie, wewe umewaona? Wametulia kweli?"

"Wametulia, Daktari."

"Hakuna kitu kingine ulichokiona?"

Nilimtazama Sitaki kupitia dirishani. "Hakuna," nikasema, na nikaandika hivyo hivyo kwenye fomu.

* * *

Mwezi wa nane binti yangu Yusta alinipigia kutoka mjini. Yusta ni mtoto wangu wa mwisho, anafanya kazi kiwanda cha betri, na ana mtoto mmoja, Elikana, aliyekuwa na mwaka na nusu. Baba wa mtoto alikwenda kufanya kazi kwenye meli za mbali, akaacha namba ya simu isiyopokewa.

"Kamwene, Baba."

"Kamwene, mwanangu. Elikana hajambo?"

"Hajambo. Baba, nimepata nafasi!" Nilimsikia akivuta pumzi. "Kiwanda kimefungua bweni la watoto. Wanaachishwa ziwa huko huko, wanalala huko, sisi tunarudi zamu ya usiku kama kawaida. Nisingepata hii nafasi wangenipunguza, walishaniandikia barua mbili. Halafu unajua wanatumia nini? Wanawavalisha kidani chenye sauti ya mama. Nimekaa wiki mbili nikirekodiwa. Msimamizi ametusomea utafiti wenyewe, ndama kumi na tisa, uwanda wa Makete. Nikamwambia, huyo mthibitishaji ni baba yangu! Wote wakapiga makofi."

Nilisogea dirishani, nikamtafuta Sitaki kwa macho.

"Baba? Uko hapo?"

"Nipo."

"Najua unawaza nini. Angekuwepo Mama ningemleta kwake. Hayupo. Tufanyeje sasa?"

Nilimwambia nitampigia baadaye. Sikumpigia. Kwa siku kadhaa nilizunguka kituoni nikigusa vitu na kuviacha. Nilikuwa na mambo mawili kichwani na hayakukaa pamoja. La kwanza, ilikuwa lazima niseme. La pili, huenda hapakuwa na cha kusema. Huenda sauti ile ilifanya kazi tangu mwanzo na Sitaki alikuwa pambo tu. Mimi nani mpaka nijue? Kwa jambo nisilo na hakika nalo niwaangushe watu, Sekela na kazi yake ya miaka mingi, Yusta na nafasi yake, Sitaki na shingo yake, na mimi mwenyewe niliyebakiza miaka mitatu kustaafu?

Kundi la pili la ndama lilikuwa linatengwa mwezi wa tisa. Nikapiga moyo konde. Safari hii sitamwingiza Sitaki. Nitaangalia.

* * *

Nilimfunga nyuma ya nyumba, akanipiga teke la paja kunifahamisha kwamba hakupenda. Ndama kumi na tisa wa kundi la pili wakaingia kwenye malisho ya peke yao. Siku ya kwanza walilia na kutembea kama wanavyolia na kutembea ndama wote. Kwenye kioo nyayo zao zilichora uzio mzima, mstari juu ya mstari.

Nilitegemea siku ya pili iwe mbaya zaidi. Nilitegemea nukta zisambae, nimpigie Daktari, nimwambie aone mwenyewe. Asubuhi nikafungua kioo. Nukta kumi na tisa, zimetulia.

Nilifurahi. Sitaki kudanganya tena, nilifurahi mpaka nikajikuta nachemsha chai ya pili. Yusta yuko salama, nikasema. Daktari alikuwa sahihi, na mimi ni mzee mwenye huruma isiyo na kazi. Nikachukua fomu na kalamu, nikavaa koti, nikaenda kuthibitisha.

Siku ile hapakuwa na ukungu. Jua lilikuwa kali na baridi, na nyasi zilikuwa zinatona barafu iliyoyeyuka. Nilisikia sauti za majike kabla sijafika. Kisha nikawaona.

Ndama namba Arobaini na Moja, mtamba mwekundu mwenye doa kwenye paji, alikuwa wa karibu. Sauti ya mama yake ilitoka. Akageuza kichwa kushoto. Sauti ikageuka pamoja naye. Akageuza shingo zaidi, kisha miguu ya mbele, kisha mwili wote, akamfuata mama yake aliyekuwa nyuma ya sikio lake. Akazunguka mara moja, mara mbili. Akasimama, akahema, akaita. Mama akaitikia. Akaanza tena. Chini ya kwato zake nyasi zilikuwa zimeisha na udongo umechimbika duara, kama pale mbuzi anapofungwa kwenye kigingi. Ila huyu hakuwa amefungwa.

Nikatazama mbele. Kumi na tisa, kila mmoja ndani ya duara lake. Hapakuwa na wawili walioko karibu. Hilo ndilo lililonimaliza, zaidi ya kule kuzunguka. Ndama aliyeachishwa ziwa, ukimwacha na uchungu wake, siku ya tatu au ya nne anachoka kutazama uzio na anamwona mwenzake. Anamsogelea. Wanalala mgongo kwa mgongo. Hapo ndipo kundi linapozaliwa. Nimeliona likizaliwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Hawa kila mmoja alikuwa na mama yake shingoni, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Nikaingia, nikapima duara la Arobaini na Moja kwa miguu yangu. Hatua tatu, upana wote. Mashine inaona kuanzia hatua nne.

Nikarudi ofisini nikampigia Dakta Sekela. Nikamwambia njoo. Akasema nukta ziko vizuri, kuna nini? Nikamwambia njoo uone. Akasema atafika kesho mchana. Ningeweza kuvua ile mikanda siku ile ile, kisu ninacho. Sikuvua. Nilijua nikiivua atakuta ndama wa kawaida na mzee mmoja anayesimulia mambo. Basi nikawaacha wazunguke siku nzima na usiku wote ili aje awaone, na nikakaa nao nje ya uzio. Hilo nalo niandikiwe dhambi, nalistahili.

* * *

Dakta Sekela alifika saa saba. Alitembea kutoka duara moja hadi jingine akitazama udongo, kishikwambi mkononi, akiinua macho kwa ndama na kuyashusha kwenye nukta, ndama, nukta. Mwisho akamkaribia Arobaini na Moja na kuziba kile kijisanduku kwa kiganja. Ndama akasimama. Akabaki amesimama vilevile, ulimi nje, miguu ikitetemeka.

"Tangu lini?"

"Tangu jana alfajiri, sauti zilipoanza."

"Na wale wa kwanza?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wale waliongezeka uzito, Mzee. Ndama anayezunguka hivi haongezeki. Wale walikula. Kwa nini walikula?"

Nikamwambia. Nikamwonyesha na Sitaki, nyuma ya nyumba, akitafuna bila wasiwasi.

Sekela alikaa chini kwenye nyasi mbichi na sketi yake safi.

"Nani alikuambia umwingize ng'ombe mle?"

"Hakuna. Daktari, kwetu mtoto akiachishwa ziwa anapelekwa kwa bibi. Wewe hukupelekwa?"

"Nilipelekwa. Tukuyu." Akafuta uso kwa mkono wenye tope. "Nilipelekwa, ndiyo. Lakini wewe ulisaini, Mzee Tweve! Nilikuuliza, kuna kitu kingine? Ukasema hakuna. Mabweni sita yamefunguliwa kwa ile saini yako. Sita! Nilifanya kila kitu sawasawa, na huruma yako imeingia kwenye utafiti wangu na mimi sikuiona!"

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungeniambia siku ile ile, na mimi ningekuchukia wiki moja, basi, yangekwisha."

Alikuwa na haki. Upepo ulipita. Mle ndani majike wasiokuwepo waliita.

Baadaye akaanza kuongea taratibu, bila kunitazama. "Kuna njia. Kundi hili la pili tunasema mikanda ilikuwa na hitilafu. Hatuleti matokeo. Mimi narudi, natengeneza kipimo kipya, nawarekebishia mabweni polepole, mmoja mmoja. Wewe unastaafu kwa amani. Na yule bibi yako wa nyuma ya nyumba anaishi mpaka afe mwenyewe."

"Polepole ni muda gani?"

"Mwaka. Mwaka na nusu."

"Mjukuu wangu ana mwaka na nusu."

Ndipo akanitazama. Hakuwa anajua. Nilimweleza kuhusu Yusta, na kadiri nilivyoendelea ndivyo alivyozidi kukunja magoti kifuani, kama msichana mdogo aliyeachwa mahali asipopafahamu. Sikumchukia. Sote wawili tulikuwa tumejaribu kumtuliza mtoto wa mwenzetu, kila mmoja kwa ujuzi wake.

Nikatoa fomu kutoka kwenye koti. Fomu ya mthibitishaji ikishaandikwa haifutiki. Nakala huenda yenyewe wizarani saa ile ile. Nikaandika kwamba kundi la pili nimeliona kwa macho yangu na halijatulia. Nikaandika juu ya yale maduara na upana wake. Nikaandika kwamba kundi la kwanza lilikuwa na jike mzee asiye na mkanda, niliyemwingiza mimi, na kwamba nilisaini uongo. Mwandiko ulikuwa wa mtoto wa darasa la pili. Sekela aliisoma yote.

"Watakufukuza."

"Mwisho wa mwezi, nadhani."

"Na mimi watanifukuza kesho." Akainuka, akapangusa sketi, akatoa mkasi mkubwa garini. "Nisaidie kuwashika."

Tulikata mikanda yote kumi na tisa. Kundi zima likabaki kimya mara moja, na ule ukimya uliniogopesha. Kisha Arobaini na Moja akalia, kilio cha kawaida, kikavu, cha ndama aliyeachishwa ziwa na anajua sasa kwamba mama hayupo. Nilimwacha Sitaki aingie. Walikuwa naye siku tano, hadi Ijumaa lori la machinjio lilipokuja kumchukua.

* * *

Yusta nilimpigia jioni ile ile ya fomu.

"Usimpeleke mtoto, mwanangu."

"Baba, nimempeleka Jumatatu."

Nikamweleza yote, kuanzia ukungu. Alinikatiza mara nyingi. Alisema mtoto si ndama. Aliuliza kwa nini sikumpigia wakati ule niliposema nitampigia. Alisema, huku analia sasa, kwamba ana nukta ya Elikana kwenye simu yake, anaitazama kila mapumziko ya kazi, na tangu Jumanne haijasogea. Ametulia. Anacheza mahali pamoja.

"Umemwona?"

"Haturuhusiwi mpaka siku ya kumi na nne. Ukimwona unamrudisha nyuma, ndivyo wanavyosema."

"Nakuja," nikasema.

Niliteremka siku ile lori lilipoondoka na Sitaki. Kituo hakikuwa na mtu wa kunikataza. Yusta alinipokea akiwa na sare ya kiwanda, amekonda, na alinisalimia bila kunishika mkono. Tukaenda bweni pamoja saa sita mchana. Ni jengo zuri, lazima niseme. Limepakwa rangi ya maziwa, lina maua kwenye ndoo, na madirisha yake ni makubwa. Dada wa mapokezi alikuwa na adabu sana.

"Shikamoo, mzee. Samahani, mzazi haruhusiwi. Lakini msiwe na hofu, mtoto wenu ametulia, tazameni hapa." Akatugeuzia kioo. Nukta arobaini na kitu, kijani kibichi, hakuna iliyotikisika.

Nikatoa kadi yangu. Ilikuwa na siku tisa za uhai. "Mimi ni mthibitishaji," nikamwambia. "Sheria inaniruhusu kutazama chochote kilichotazamwa na mashine. Na huyu ni msaidizi wangu."

Alisoma kadi mara mbili, akatazama sare ya Yusta, nadhani alielewa kila kitu. Akafungua.

Uani kulikuwa na sauti za wanawake. Wengi, wote wapole, wote wakiita kwa pamoja: njoo mwanangu, nipo hapa, usilie, mama yupo. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja ila mlezi aliyekuwa mbali akipanga vikombe. Watoto walikuwa wametawanyika, kila mmoja peke yake kwenye kipande chake cha sakafu. Katikati ya sauti zile nikasikia ya binti yangu, akiimba wimbo aliokuwa akiimbiwa na mama yake. Nikageuka kumtazama. Yusta alikuwa amefunga mdomo, mkono mmoja umeshika koo, anajisikiliza.

Elikana alikuwa amekaa kando ya ukuta. Hakuwa analia. Kidani kilikuwa ndani ya shati lake, na wimbo ulikuwa unatoka kifuani pake.

"Elikana," Yusta akaita. Akapiga magoti sakafuni, akafungua mikono. "Elikana, mwanangu. Njoo. Mama nipo hapa."

Mtoto alisikia. Nilimwona akisikia, uso mzima ulimchangamka, akatabasamu. Akainamisha kichwa, akafungua kifungo cha shati kwa vidole vyake viwili, akachungulia ndani.